Ndege Iliyogoma Kupaa

Watu wakisikia nimewahi kupata ajali ya ndege, swali la kwanza huwa: mlianguka kutoka juu kiasi gani? Hatukuanguka. Ndege yetu haikuondoka ardhini hata kwa urefu wa kiganja. Ilikimbia, ikagoma kupaa, rubani akaamua kusimama, na kiwanja kikaisha kabla hatujasimama. Wengi hukunja uso kidogo nikiwaambia hivyo, wanaona nimewapunja hadithi. Walitaka moto.

Nasimulia hivyo hivyo bila moto, kwa sababu kazi yangu ilinikalisha mahali ambapo niliiona ajali ile ikiandaliwa tangu asubuhi, kidogo kidogo, na watu wema ambao kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri.

Nafanya kazi kwenye kambi ya watalii katikati ya Serengeti, upande wa Seronera. Kwenye karatasi naitwa mhudumu wa wageni, ila pale kambini kila mtu anajua mimi ndiye mtu wa kiwanja. Ndege ikija nipo, ikiondoka nipo. Na kiwanja chenyewe usikifikirie kama pale Dar es Salaam. Hakuna jengo wala mnara wa kuongozea ndege. Ni ukanda wa changarawe na nyasi uliochongwa porini, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, mfuko wa upepo uliochanika mkiani, kibanda cha makuti na choo. Kabla ndege haijatua, dereva wetu hupita na gari mwanzo mpaka mwisho kufukuza wanyama. Swala hukimbia wenyewe. Ngiri ndio wakaidi: anasimama, anakuangalia, unadhani ameondoka, ukigeuza gari karudi na watoto. Msimu wa nyumbu sisemi. Nimeshaona ndege ikizunguka juu mara tatu huku sisi chini tunapiga honi.

Kazi yangu nyingine ni mizani. Ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa saa, naifunga kwenye boriti ya kibanda. Ndege hizi ndogo zina masharti ya mzigo: kilo 15 kwa abiria, begi laini lisilo na fremu, na hizo kilo zinahesabu mpaka kamera na kipochi cha mkononi. Begi linatakiwa liwe laini kwa sababu mizigo mingi inakwenda tumboni mwa ndege, kwenye sanduku refu lililobandikwa chini, na sanduku hilo halipokei sutikesi ngumu. Mwenye mzigo mkubwa hununua kiti cha pili, mzigo wake ukakalishwa na kufungwa mkanda.

Begi halina aibu, ukilitundika linasema. Tabu iko kwa watu. Fomu inauliza uzito wa abiria, na hapo ndipo binadamu anapojipunguza. Mwanamume mwenye kifua cha mlango anaandika 80. Mama anacheka, anaandika uzito wa mwaka alioolewa. Mimi kwa sasa nina jicho la mchuuzi wa ng'ombe mnadani, naangalia tu na kuandika pembeni kwa penseli ninachokiona, kisha namwonesha rubani daftari bila kusema neno. Marubani wazoefu wanalifahamu daftari langu. Wanasoma safu ya penseli, ya wino wanairuka.

Ndege ninayoizungumzia ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja na mabawa juu, ambayo ukikaa Serengeti kwa wiki utaisikia mpaka usingizini. Ile ya 208B ya kawaida hairuhusiwi kuondoka ikiwa na zaidi ya kilo 3,969. Namba hiyo ni ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria, mabegi, chupa za maji na vumbi la kwenye zulia, vyote pamoja. Ukiisikia unaona ni nyingi. Ukianza kujumlisha unaona inavyoliwa haraka.

Siku hiyo ilikuwa Novemba, mvua za vuli. Usiku ilinyesha ya kutosha, ila kulipokucha mbingu zikawa nyeupe na jua likatoka kwa hasira. Ndege ilitakiwa ifike saa tatu asubuhi, ikafika karibu saa tano kwa sababu ilikwama kiwanja kingine ikisubiri ukungu uishe. Kwa hiyo tayari kuna wageni wanaangalia saa. Walikuwa na ndege ya kuunganisha Arusha kwenda Zanzibar, na Zanzibar kuna hoteli imelipwa, na hoteli ina chakula cha jioni ufukweni. Redio ya gari haikunyamaza. Meneja wangu: wameondoka? Meneja wa kambi ya jirani, ambaye naye alikuwa na wageni wake pale: wameondoka?

Hao wa jirani walikuwa wapiga picha. Walikuja na masanduku magumu ya kamera ambayo hayakupitia kwenye mizani yoyote, na karatasi yao ilisema kilo 15, 15, 15, kwa mwandiko mmoja. Nililitundika la kwanza. Mshale ukaenda 27. Nikamwita rubani.

Rubani alikuwa kijana mpole, Mtanzania, mwenye tabia ya kuzungumza taratibu mpaka unamhurumia. Akaniuliza, "Dada, na lile lingine?" Nikalitundika. Halikuwa tofauti. Akaangalia daftari, akaangalia mfuko wa upepo ambao ulikuwa umelala, akaangalia jua. Kisha akasema masanduku mawili yatabaki, na kreti la chupa tupu za soda ambalo kambi yetu ilitaka limsindikize mpaka mjini nalo libaki. Yatakuja na ndege ya mchana.

Hapo ndipo lilipoanza neno ambalo nimelisikia kiwanjani kuliko jina langu: "Si kilo chache tu, Kapteni?" Mpiga picha alilisema kwa Kiingereza. Meneja wa jirani alilisema kwenye redio kwa Kiswahili. Dereva wao alilisema kwa macho. Hata fundi wa jenereta aliyekuwa anasafiri nasi, kaka mwenye busara zake, alinong'ona kwamba wiki iliyopita walibeba zaidi ya hapo na wakafika. Rubani hakupandisha sauti. Alisema, "Yatakuja mchana," akaanza kupanga mabegi. Mazito mbele, mepesi nyuma, maana ndege ikilemewa mkiani pua yake huinuka isipotakiwa na rubani huishia kupigana na usukani.

Halafu akafanya jambo lingine lililowaudhi wageni. Alitembea kwa miguu kwenye njia ya kurukia, akikanyaga kwa kisigino. Alitembea kama nusu hivi. Mbele zaidi dereva wetu akamwambia, "Kule kuna maji kidogo, ila gari limepita vizuri." Redio ikalia tena. Rubani akarudi.

Sentensi hiyo ya gari limepita nimeifikiria sana. Landcruiser ina magurudumu manne yanayosukuma. Likiingia tope linajivuta. Ndege haisukumwi na magurudumu, inavutwa na pangaboi, na magurudumu yake yanaviringika tu, yakiingia kwenye udongo laini yanaganda na kula mwendo. Gari linapita mahali ambapo ndege itabaki. Siku hizi dereva wetu haruhusiwi kutoa ushahidi wa namna hiyo. Anasema kuna maji hapa, yana urefu wa hatua kadhaa, kisigino kinazama kiasi hiki, basi.

Mimi nilikuwa nakwenda likizo, nyumbani Usa River, kwenye kiti kilichobaki wazi. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbele kulia, ubavuni mwa rubani, maana kwenye safari hizi za rubani mmoja abiria hukalishwa pale. Kabla sijapanda nilimwomba aandike jina langu kwenye orodha ya abiria. Wafanyakazi wengi wa porini hupanda kama watu wa lifti, majina yao hayapo popote. Yeye alikuwa ameshaliandika.

Kabla ya kuondoka aliniambia kitu ambacho nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe kwa sauti. Alinionesha mawe matatu yaliyopakwa chokaa katikati ya kiwanja. "Tukifika pale, sindano hii ya mwendo lazima iwe imefika hamsini. Isipofika, nasimama." Baadaye nilikuja kujua hiyo ni kanuni ya marubani wengi wa viwanja vifupi: ukifika nusu ya njia, uwe umeshapata asilimia 70 ya mwendo wa kuondokea. Caravan huinua pua kwenye sabini na kitu, kwa hiyo hamsini ndiyo asilimia 70 yake.

Akashika breki, injini ikapanda mpaka ndege nzima ikatetemeka, akaachia.

Mwanzoni ilikuwa kawaida. Nyasi zinarudi nyuma, changarawe inapiga tumbo la ndege. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano kwa sababu ndiyo niliyooneshwa. Thelathini. Arobaini, ikakaa pale kidogo. Tulipofika kwenye mawe ilikuwa inagusa hamsini, wala haikuzidi. Niliona mkono wake wa kulia ukikaza kwenye ule wenzo wa kuongezea nguvu, na nilijua anafikiri. Akaendelea. Kwa kanuni yake alikuwa sahihi.

Kisha tukaingia kwenye yale maji. Nilihisi mwili ukisukumwa mbele kwenye mkanda, kidogo tu, kana kwamba kuna mtu ameshika mkia. Maji ya tope yakaruka juu ya kioo upande wangu. Sindano ilikuwa imefika sitini, ikasimama. Injini inanguruma vile vile, nyasi zinapita vile vile, na sindano imesimama. Katika maisha yangu sijawahi kuona kitu kidogo kikiwa na maana kubwa kiasi kile.

Rubani alivuta nguvu zote nyuma. Mlio wa injini ukabadilika, ukawa mkali na mbaya, maana pangaboi la Caravan linaweza kugeuzwa lisukume kinyume, na hapo ndipo alipoligeuza. Breki zikashika, ila ardhi yenyewe ilikuwa inateleza. Tulikwenda upande, akaturudisha, tukapita mawe ya mwisho. Mbele yetu palikuwa na mfereji wa maji ya mvua, si mrefu kwenda chini, labda kufikia magoti ya mtu. Tairi la mbele likaingia humo. Pua ikainama kwa kishindo, pangaboi likachimba udongo, na injini ikanyamaza kwa mara moja.

Mkono wangu wa kushoto niliunyoosha kwenye dashibodi kujizuia. Kila mtu hufanya hivyo, mwili haukuulizi. Kifundo kikapasuka. Mkanda wa bega ulikuwa tayari umenishika vizuri, mkono haukuwa na kazi yoyote pale. Aliyeumia zaidi nyuma ni mgeni aliyefunga mkanda wa kiunoni tu na kuuacha wa bega ukining'inia; alipiga paji la uso kwenye kiti cha mbele, akashonwa nyuzi. Fundi wa jenereta, aliyekuwa ubavuni mwake na mkanda wa bega begani, alitoka akiwa anatafuta kofia yake.

Kukawa kimya. Kuna mlio mdogo wa chuma cha moto kikipoa, tik, tik, na harufu ya mafuta ya taa. Kwa sisi tuliokulia jikoni kwa jiko la mchina harufu ile ni ya kawaida, na kweli mafuta ya ndege hizi ni ndugu wa mafuta ya taa. Hayashiki moto kwa haraka kama petroli, ila yakishika hakuna wa kuyasimulia. Niliona rubani akinyoosha mkono juu ya kichwa, akafunga swichi mbili za mafuta pale darini, akazima umeme, na muda wote huo anasema kwa sauti ile ile ya taratibu: "Fungueni mikanda. Mlango wa nyuma kulia. Acheni mabegi. Acheni mabegi."

Hawakuacha. Watu waliolipa safari ya maisha yao hawaachi pasipoti na picha za chui. Mpiga picha mmoja alisimama mlangoni kabisa, mguu mmoja kwenye ngazi, akigeuka kuvuta begi lililonasa chini ya kiti, na nyuma yake watu watatu wamesimama. Fundi wa jenereta ndiye aliyemaliza mjadala. Alimsukuma. Yule bwana alianguka kwenye tope na begi lake halikutoka. Jioni alimshukuru fundi kwa kumnunulia bia, kwa hiyo nadhani walielewana.

Kitu ambacho hakuna maelekezo ya usalama yanayokieleza ni kwamba ukitoka kwenye ndege Serengeti unatokea Serengeti. Rubani anataka mwende mbali na ndege, upande unakotoka upepo. Upande huo kulikuwa na nyati, wazee wawili wa kiume walioachwa na kundi, wale wabaya. Tukabaki katikati, mbali kiasi na mafuta na mbali kiasi na pembe, mpaka dereva wetu alipofika na gari na kutupakia kwa mafungu. Askari wa hifadhi walifika muda mfupi baadaye. Mgeni mmoja alikuwa anapiga picha nyati.

Jioni ile ile maneno yalikuwa yameshafika kambi zote. Rubani kachanganyikiwa. Rubani kijana, angevuta tu usukani ndege ingenyanyuka. Hilo la pili nililisikia kutoka kwa mtu mzima anayeheshimiwa, na ndilo lililonifanya nianze kusoma na kuuliza uliza marubani wanaopita kiwanjani, maana sikuweza kulijibu.

Jibu, kama nilivyoelezwa, ni kwamba ingenyanyuka kweli. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, ukaribu huo hubadilisha mwenendo wa hewa kwenye mabawa na kuisaidia kuelea kwa mwendo mdogo kuliko unaotakiwa. Unavuta usukani, inaondoka, unafurahi. Ukipanda kidogo tu msaada ule unaisha, na mwendo wa kukupandisha juu huna. Nyuma ya mfereji wetu kuna migunga mikubwa. Tungeifikia tukiwa hewani, kwenye usawa wa matawi, ndege ikiwa haiwezi kupanda wala haina pa kushukia. Yeye alichagua mfereji.

Ila hata huo mwendo wa sitini ulikuwa mgumu kuuzima. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayotakiwa kuuzima huongezeka mara nne, na uzito wa ndege unazidisha juu yake. Ndiyo maana sikubaliani na waliosema masanduku ya kamera yangebebwa ajali ingekuwa ile ile. Mfereji ungekuwa ule ule. Sisi tungeuingia tukiwa na kasi zaidi.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliwahi kutoa mwongozo kwa marubani wa ndege ndogo ambao rubani mmoja alinionesha kwenye simu yake, na mimi nikaunakili kwenye jalada la daftari langu. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kuondokea unaongezeka kwa asilimia 20. Kila mita 300 hivi za mwinuko, asilimia 10. Joto likipanda nyuzi 10, asilimia 10 nyingine. Nyasi mbichi zenye maji, asilimia 30. Udongo laini, 25 au zaidi. Upepo wa kusukuma mgongoni, hata ule mdogo wa sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kuondokea, asilimia 20. Na hazijumlishwi, zinazidishana. Chukua ndege inayohitaji mita 500, iongezee uzito huo, nyasi zenye maji na upepo huo wa nyuma, tayari unahitaji zaidi ya mita 900, na joto hujaligusa. Kila moja peke yake ni "si kilo chache tu".

Na joto la kwetu si la kupuuza. Eneo la katikati ya Serengeti liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba kiwanja kimepandishwa mpaka mita 2,400 hivi. Ndege ile ile, rubani yule yule, saa moja asubuhi ni habari moja na saa sita mchana ni habari nyingine. Kuchelewa kwetu kwa saa mbili asubuhi ile hakukuwa tu usumbufu wa ratiba, kulitubadilishia hewa.

Sisi tuliokuwa vijana miaka ya 2000 tulimlilia Aaliyah, yule mwimbaji wa Marekani. Wengi tunakumbuka nyimbo na sura, wachache wanakumbuka kilichomuua. Tarehe 25 Agosti 2001, kisiwani Abaco huko Bahamas, ndege ndogo ya Cessna 402 iliyombeba yeye na wenzake ilianguka muda mfupi tu baada ya kuondoka, watu wote tisa wakafa. Wachunguzi wa Marekani walikuta ilikuwa imezidishwa uzito kwa kiasi kikubwa. Mabegi, vifaa vya kurekodia video, na watu waliotaka kufika nyumbani siku hiyo hiyo. Nikisoma habari ile nawasikia kabisa wakisema, "Si kilo chache tu?"

Hapa kwetu nako, Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga ndani ya hifadhi ya Mikumi, ndege mbili za kampuni moja ziliharibika siku moja: ya kwanza ikitua, ya pili, iliyokuja kuchukua abiria, ikiwa inaondoka, ikaishia kwenye jengo la abiria. Hakuna aliyekufa. Baada ya ajali ya Bukoba mwaka uliotangulia, ambako watu 19 walifia ziwani, taifa lilikuwa limechoka na habari za ndege, na nakumbuka watu wakiizungumzia ile ya Mikumi kwa kicheko cha uchovu. Mimi sikucheka. Niliwaza zile saa kati ya ndege ya kwanza na ya pili, abiria wamesimama pale wanaangalia jua linashuka, wanataka kuondoka. Sijui walisema nini kwa rubani wao. Najua wangu walisema nini.

Wachunguzi wa ajali za ndege kutoka wizarani walikuja. Nilijiandaa kuhojiwa kama mshtakiwa, maana sisi tumezoea kwamba ukiitwa kueleza kitu, kuna mtu anatafutwa. Walinieleza mapema kabisa kwamba kazi yao si kumtafuta mwenye hatia, ni kujua kilichotokea ili kisitokee tena, na huo ndio utaratibu wa kimataifa wa shirika la anga la ICAO. Walilitaka daftari langu. Walipiga picha kurasa zake, wino na penseli, doa la kahawa na vyote. Mmoja wao alikaa muda mrefu akilinganisha safu mbili za uzito wa abiria, kisha akaniuliza kwa upole kama naweza kukadiria uzito wake. Nilikosea kwa kilo mbili.

Upande wa hospitali nilijifunza mambo ya karatasi. Ajali ni ajali, iwe ya bodaboda au ya ndege, hospitali ilitaka fomu ya PF3 kutoka polisi kabla ya matibabu kwenda mbali, na kituo cha polisi kutoka porini si jirani. Askari aliyekuwa zamu alipoandika "chombo cha usafiri" alisita, akaniangalia, akaniuliza mara mbili. Bima nayo ilianza na swali moja tu: jina lako lilikuwemo kwenye orodha ya abiria? Lilikuwemo. Wenzangu wa kambini siku hizi hawapandi bila kuliona jina lao kwa macho, na rubani mmoja amelalamika kwamba tumekuwa wasumbufu.

Nyumbani nilikwenda kwa gari, njia ya Naabi na Ngorongoro, mkono kwenye plasta, kila shimo la barabara nikilihesabu kwa meno. Usingizi ulinitesa kuliko mkono. Ndoto hazikuwa na kishindo wala nyati. Niliota sindano. Imefika sitini, imesimama, na mimi nimekaa naiangalia. Mama alinipeleka kwa mchungaji, dada yangu akanipeleka kwa mshauri wa mambo ya akili pale mjini, na sitaki kugombanisha hao wawili, wote walinisaidia. Mshauri alisema nirudi kwenye kazi ya kiwanjani kwanza, nishike mizani, nisikie injini, kabla ya kufikiria kupanda. Ilikuwa shauri zuri. Siku ya kwanza niliposikia injini ikipandishwa breki zikiwa zimeshikwa, nilikaa chini kwenye kreti na dereva akajifanya hajaona.

Nilipanda tena msimu wa mvua uliofuata. Mfereji ulikuwa umeshafukiwa, na mwisho wa kiwanja umeongezwa changarawe. Usiku ilinyesha. Rubani, si yule, mwingine, mzee mwenye ndevu za mvi, alitembea kiwanja chote mpaka mwisho, akachoma udongo kwa kijiti, akarudi akazima hata redio ya ndege. Akasema tutangoja jua likaushe. Wageni wakaangalia saa. Meneja akaita kwenye redio, nikamjibu kwamba Kapteni amesema bado, na kwa mara ya kwanza hakuuliza bado nini. Nilifungua chupa ya chai kwenye gari, nikagawa na zile keki za ndizi za jikoni. Tulikaa pale mpaka saa nane, tukaondoka kwa ndege nyepesi na upepo wa usoni. Mgeni mmoja alikosa ndege yake ya kwenda Zanzibar, akaandika malalamiko ya kurasa mbili na kunitaja kwa jina. Niliyapeleka ofisini kama yalivyo.